Hedifoni hazimtoki mwanangu masikioni: je, tuzivunje?

SWALI: Mimi ni mama, naishi Mikindani. Mwanangu wa kiume ana miaka 17, amemaliza kidato cha nne na sasa anajifunza kuchomelea kwa fundi mmoja Mtwara mjini. Mjomba wake alimletea simu ya tachi pamoja na hedifoni, na tangu hapo hazimtoki masikioni: kwenye daladala asubuhi na jioni, akiwa kazini, akifua, na usiku analala nazo. Nikimwita anajibu "eeh?" mara mbili tatu. Wiki iliyopita alikesha kwenye sherehe ya unyago, akarudi anasema masikio yanavuma. Kesho yake jioni yakatulia. Baba yake anataka kuzivunja. Jirani amenishauri nimtie mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Je, ni kweli hedifoni zinaharibu masikio? Na nifanye nini?

JIBU: Mama, nianze na hilo la kuvunja, kwa sababu linaweza kufanyika usiku wa leo. Mwombe baba asizivunje. Kijana wa miaka 17 akivunjiwa hedifoni ataazima za rafiki, na hizo hamtaziona wala hamtajua anazisikiliza kwa sauti gani. Tena hedifoni zenyewe hazina kosa. Kinachoharibu sikio ni sauti kubwa inayodumu, itoke kwenye hedifoni, kwenye spika za sherehe au kwenye grinda ya fundi. Kwa maelezo yako, mwanao amezipata zote tatu, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo.

Mafuta ya nazi nayo yasiingie sikioni. Sababu nitaieleza mbele.

Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ngoma na vile vifupa vitatu vidogo, kuna kiungo kilichojiviringa kinachoitwa koklea. Humo mna seli zenye vinyweleo, kiasi cha 15,000 kwa kila sikio. Sauti ikiingia vinyweleo hutikisika, na mtikisiko huo hugeuzwa kuwa ishara za umeme zinazopita kwenye neva hadi ubongoni. Mtu huzaliwa na seli hizo na haongezewi nyingine. Mwaka 1988 watafiti walionyesha kwamba kuku na ndege wengine wakiuawa seli hizo kwa kelele huota mpya. Usikivu wao nao hurudi. Binadamu hatukujaliwa hilo. Seli yetu ikifa imekufa, na hakuna kidonge, sindano wala mafuta ya kuirudisha. Kifaa cha kusaidia kusikia kinakuza sauti kwa ajili ya zile zilizobaki. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya ndani ya koklea tangu 2017, lakini upasuaji ule ni wa watu wenye uziwi mkubwa, hasa watoto waliozaliwa hawasikii. Isimkae kijana kichwani kwamba ipo dawa ya baadaye.

Sasa huku kuvuma kulikotulia. Wazazi wengi wakiona kelele za sikioni zimeisha hushusha pumzi, na vijana nao hujifunza kwamba sikio likichoka linapona lenyewe. Ni kweli kwamba baada ya sauti kubwa usikivu hushuka kwa muda, kisha hupanda tena ndani ya saa kadhaa au siku moja, mbili. Lakini mwaka 2009 watafiti wawili wa Marekani, Sharon Kujawa na Charles Liberman, waliwapigia panya kelele kwa muda mfupi, wakasubiri hadi vipimo vya usikivu vikarudi kama zamani, kisha wakaangalia koklea zao kwa darubini. Seli zilikuwa hai, ila sehemu kubwa ya maungio kati ya seli na neva ilikuwa imepotea, na haikurejea. Panya si mtu, lakini utafiti ule ulitufanya tuwatazame kwa jicho jingine wagonjwa wanaofaulu vipimo katika chumba kimya, halafu wakiwa sokoni au kwenye kikao chenye minong'ono hawashiki maneno. Kwa hiyo masikio yaliyovuma ni masikio yaliyoumia. Kutulia kwake hakufuti yaliyotokea usiku ule.

Swali lako la msingi, kama hedifoni zinaharibu, linajibiwa kwa namba mbili zikitazamwa pamoja: ukubwa wa sauti na muda. Sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili sebuleni ni kama 60. Shirika la Afya Duniani, pamoja na shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, waliweka kiwango ambacho kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa hizohizo 40. Ichukulie hiyo kama posho ya wiki. Kila sauti ikipanda desibeli 3 nguvu yake huwa maradufu, na posho inakatwa nusu. Kwenye 83 anabaki na saa 20. Kwenye 86 ni saa 10. Kwenye 90 ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Kwenye 95 ni saa moja na robo, na kwenye 100 ni dakika 20. Simu nyingi sauti ikiwekwa mwisho, na iafoni, yaani hedifoni ndogo ya kuingiza sikioni, ikiwa imekaa vizuri ndani ya sikio, hufika huko kwenye 100 au kupita.

Tumia namba hizo kwenye wiki ya mwanao. Tuseme ndani ya daladala anatumia nusu saa kwenda mjini na nusu saa kurudi. Injini inanguruma, konda anaita abiria, dereva amefungulia redio, upepo unapiga dirishani. Hakuna kijana anayesikiliza muziki kwa sauti ya chini kuliko kelele iliyomzunguka. Ataupandisha hadi aupate vizuri, na kupata vizuri ndani ya daladala mara nyingi ni kupita 85. Akiwa kwenye 90, saa moja kwa siku, Alhamisi jioni posho yake imekwisha, na bado hajagusa karakana wala usiku.

Karakana ndiyo inayonikosesha raha. Grinda inayokata chuma haishindwi kufika 95, na nyundo juu ya bati ni hivyohivyo. Kijana anayevaa iafoni ili "asisikie kelele" hajaizuia kelele. Zile iafoni za plastiki ngumu zisizo na raba hazizibi kitu. Kelele ya grinda inapita pembeni, na yeye anamimina muziki juu yake hadi auzidi mlio wa grinda. Sikio linapokea vyote viwili. Hapo simpunguzii, namkataza kabisa: kwenye karakana hedifoni za muziki zivuliwe. Anachohitaji wakati wa kukata chuma ni vizibo vya sponji vya masikio au vile vifuniko vikubwa vya kazini vinavyofunika sikio zima, sawa na anavyohitaji miwani ya kuchomelea. Na kuna hatari nyingine isiyo ya usikivu: mwanafunzi asiyemsikia fundi wake akipiga kelele "acha!" anaweza kupoteza kidole.

Halafu ile sherehe. Sitaki nionekane nakemea unyago. Kusini tunaujua uzito wake, na mtoto wa Mikindani asiyekwenda kuwashangilia ndugu zake atakuwa amekosa jambo. Ninachokilalamikia ni mziki wenyewe ulivyobadilika. Zamani ngoma ilipigwa kwa mikono, na wapigaji walichoka. Siku hizi spika zinapangwa kama ukuta, DJ anayezipiga nyimbo hachoki, na msimu wa korosho pesa zikiingia mitaa haipumziki. Mbele ya spika hizo desibeli 100 ni kitu cha kawaida. Kijana aliyesimama hapo saa 6 ametumia dakika 360, wakati posho ya wiki ni dakika 20. Hiyo ni posho ya wiki 18 kwa usiku mmoja. Na akirudi nyumbani anachomeka iafoni alale nazo.

Nikiwa hapohapo nimtaje mtu ambaye hukumuuliza: mtoto mchanga. Nimekuwa nikiwaona mara nyingi, wamefungwa kwa kanga migongoni mwa mama zao, usingizi umewachukua, hatua chache tu kutoka kwenye spika. Usingizi haufungi sikio. Tafadhali, ukimwona mama wa namna hiyo, mhamishe kwa upole akakae mbali.

Umbali unasaidia kuliko watu wanavyodhani. Penye uwanja wazi, ukiongeza umbali wako na spika mara mbili, sauti hushuka kwa takriban desibeli 6. Kijana aliyekuwa mita 2 akirudi hadi mita 8 amepunguza kama 12, na kwa hesabu ile ya posho dakika 20 zimekuwa zaidi ya saa 5. Bado anacheza, bado anaonekana, na hakuna aliyemnyima sherehe. Awe na vizibo vya sponji mfukoni. Pamba asiitegemee, inazuia kidogo mno. Na masikio yakivuma baada ya sherehe, hedifoni zipumzike mpaka mvumo uishe kabisa, kisha aongeze siku nzima juu yake.

Mwanao hayuko peke yake. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 12 hadi 34, takriban 24 husikiliza simu na vyombo vyao kwa viwango visivyo salama, na karibu nusu ya hao 100 wamo kwenye kumbi na shughuli zenye sauti ya hatari. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya vijana bilioni moja wako kwenye hatari ya kupoteza usikivu ambao wangeweza kuulinda.

Turudi kwenye "eeh?" yake. Kelele huanza kuua seli zinazopokea sauti nyembamba, hasa kati ya hezi (kipimo cha wembamba wa sauti) 3,000 na 6,000. Irabu zina nguvu na ziko chini, kwa hiyo anayeanza kupoteza usikivu bado anasikia kwamba umeongea. Konsonanti kama s, f, sh, t na k ndizo zinazompotea. Unamwambia "shika" anasikia "fika". Unamwambia "kasome" anasikia "kachome". Anasikia sauti yako na hapati maneno, halafu anaonekana mkaidi. Wapo vijana wengi waliokemewa kwa utovu wa adabu ambao kosa lao lilikuwa masikioni. Kwa upande mwingine, yawezekana tatizo ni jepesi kabisa: muziki ulikuwa unapiga ulipomwita, au nta imesukumwa ndani na iafoni hadi ikaziba tundu. Mafua nayo huziba masikio kwa wiki kadhaa.

Kuna kipimo unachoweza kukifanya mwenyewe. Chagua asubuhi tulivu, awe hajavaa hedifoni tangu usiku. Simama nyuma yake, umbali wa mkono ulionyooshwa, asione mdomo wako. Mwambie azibe sikio moja kwa kidole akilisuguasugua, wewe nong'ona tarakimu tatu, mathalani tisa, mbili, sita, naye azirudie. Badilisha tarakimu, rudia mara mbili, kisha nenda sikio la pili. Akishindwa kupata nyingi, aende hospitali. Akizipata zote usijihakikishie mno, kwa sababu mnong'ono hauwezi kugundua upotevu mdogo. Akiwa na bando, ipo programu ya bure ya Shirika la Afya Duniani, hearWHO, inayompa tarakimu ndani ya kelele na kumpa alama. Akijua kuhesabu moja hadi tisa kwa Kiingereza inamtosha. Hata hivyo, kijana huyu kwa sababu ya karakana ningependa apimwe na mtaalamu bila kujali matokeo ya nyumbani, ili apate karatasi ya kwanza ya kulinganishia mwakani.

Kuhusu kuzungumza naye, umetaja kwamba hedifoni zilitoka kwa mjomba. Mtumie mjomba. Kwetu kusini neno la mjomba kwa mpwa wake halidondoki chini, na aliyetoa zawadi ndiye mwenye haki ya kuiwekea masharti bila kuonekana amenyang'anya. Asiende na vitisho vya uziwi. Kijana wa miaka 17 hatishiki na kitu cha miaka 20 ijayo. Amwonyeshe hizi hesabu za posho, ampe simu, amwambie apige hesabu ya wiki yake mwenyewe. Vijana wanaojua bando lao limebaki megabaiti ngapi wanaielewa hesabu hii haraka kuliko sisi.

Masharti yenyewe yawe machache. La kwanza ninalolipenda ni hili: sauti ipangwe nyumbani, chumba kikiwa kimya, mahali ambapo muziki unasikika vizuri na bado anakusikia ukimsemesha kutoka mkono mmoja. Hapo ndipo pawe mwisho, hata akipanda daladala. Kama muziki haupatikani ndani ya gari kwa kiwango hicho, basi safari ile si ya muziki. Simu nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti kwenye mipangilio. Wakae pamoja na mjomba waiweke. Wengine husema asizidi asilimia 60 ya sauti ya simu na dakika 60 kabla ya kupumzika. Kanuni hiyo inafaa kama mwanzo, ingawa asilimia 60 ya simu moja si sawa na ya nyingine, na spika za iafoni nazo zinatofautiana.

Kama kuna pesa kidogo, hedifoni za kufunika sikio zima au iafoni zenye raba inayokaa vizuri ni bora kuliko zile za plastiki ngumu, maana zinazuia kelele ya nje na hapati sababu ya kupandisha. Ila azivae akiwa ameketi ndani ya gari. Akitembea kando ya barabara ya Mikindani, au siku akipewa pikipiki, zivuliwe zote. Honi ya lori hairudiwi.

Kulala nazo ndiyo tabia ya kuivunja kwanza, kabla hata ya daladala. Saa 8 kwa usiku mara siku 7 ni saa 56, tayari zaidi ya zile 40 za desibeli 80, na aliyelala hawezi kupunguza sauti. Pia hewa yetu ya pwani ni ya joto na unyevu. Sikio lililozibwa usiku kucha linatoa jasho, nta inalainika na kusukumwa, na fangasi wa tundu la sikio hupenda sana mazingira hayo. Kijana akija analalamika muwasho na sikio zito, mara nyingi ukichungulia unawakuta. Kama hapati usingizi bila muziki au mawaidha, aweke simu mezani, sauti ya chini, na ijizime yenyewe baada ya nusu saa. Iafoni asiazimane na wenzake, na azifute mara kwa mara kwa kitambaa kikavu.

Sasa mafuta. Jirani hana nia mbaya, na mafuta kweli hulainisha nta. Tatizo ni kwamba wewe na yeye hamwoni ngoma ya sikio. Ikiwa ina tundu, na watu wengi waliotoka usaha utotoni wana tundu bila kujua, mafuta yatapita hadi sikio la kati na kupeleka vijidudu. Yakiwa ya moto kidogo kuliko ulivyodhani yanaunguza. Na kama tatizo ni seli za koklea, mafuta hayafiki huko. Vijiti vya pamba, njiti za kiberiti na vichwa vya pini navyo vibaki nje.

Mpeleke akaangaliwe ndani ya wiki hizi. Mtwara mna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula na ile ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Msomaji wa Lindi aanzie Hospitali ya Sokoine. Kabla hamjapanda gari, ulizia siku ya kliniki ya masikio, pua na koo, na uulize kama kipimo cha usikivu kipo siku hiyo. Mwanao asivae hedifoni wala asikate chuma bila vizibo tangu siku moja kabla ya kupimwa, la sivyo kipimo kitasoma uchovu wa jana. Mwambie daktari kila kitu: karakana, sherehe, mvumo uliodumu hadi jioni ya pili, kama aliwahi kutoka usaha, na kama amewahi kupigwa sindano za gentamisini au kutumia kwinini, kwa sababu dawa hizo zinaweza kugusa masikio.

Usisubiri siku ya kliniki ukiona sikio moja limeziba ghafla bila sababu, kizunguzungu cha kumwangusha, damu au usaha, maumivu makali, au mvumo uliopita siku mbili. Sikio linalopoteza usikivu ghafla lina dawa, lakini dawa hiyo hufanya kazi ikianza mapema, ndani ya siku chache za mwanzo. Mpeleke siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili.